Ng'ombe Waliogeuka Safaya

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi, na ndani yake walikuwamo ng'ombe wangu wote wa mahari.

Baba aliwabadilisha na dalali mmoja mnadani Bariadi, akarudi na safaya imeviringishwa kwenye pamba. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Maswa, kwa mwanaume aliyenipiga hata chumvi ikizidi. Nilipokimbilia nyumbani, wakwe hawakubishana. Rudisheni ng'ombe, walisema, mbaki na binti yenu. Desturi ndiyo hiyo, na zizi letu lilikuwa tupu.

Baba alilipenda lile jiwe, Mungu anisamehe, kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Kila mgeni alipewa somo. Safaya si bluu tu, ipo ya njano, ya kijani, hata ya waridi. Ikiwa nyekundu inaitwa rubi. Ya kwake aliishika mlangoni, juani, ikawa bluu. Akaingia nayo ndani, chini ya balbu, ikawa zambarau. Wageni waliguna kwa mshangao. Mimi nilisonga ugali wao huku naomba kimoyomoyo liwe jiwe la kweli, liuzwe, nami niachwe.

Kaka yangu hakuamini. "Hiyo chupa, baba. Umepigwa."

Baba alipandwa na hasira. "Likiwa chupa, nauza shamba la mpunga, nirudishe ng'ombe za watu!"

Tukaenda wote watatu kwa mpimaji wa vito mjini. Alilitazama kwa lenzi, akalipima kwa vyombo vyake, akasema ni safaya halisi. Kwa ugumu inazidiwa na almasi tu. Nilishindwa kujizuia, machozi ya furaha yakanitoka palepale.

"Basi tuliuze leo, baba," nilisema tulipotoka nje.

Alikuwa ameshaanza kulirudisha kwenye pamba yake, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Vumilia kidogo, mayu, mama yangu. Kitu cha kweli hakiuzwi kwa pupa. Bei itapanda."

Shamba la mpunga hakulitaja tena, na mimi sikuwa na ubavu wa kumkumbusha.

Wiki hiyo hiyo shemeji alikuja na pikipiki kunichukua. Baba alimpokea vizuri, akamtolea jiwe pale mlangoni. Lilikuwa bluu, zuri ajabu. Mimi nilikuwa ndani nafunga kanga zangu, nikilia. Laiti lingekuwa chupa.