Kumbikumbi Hawakuulizwa

Juzi, kwenye kituo cha mafuta, mlinzi alimwaga mazuti, yaani dizeli, kwenye ufa wa sima, sakafu ya saruji, ili kumbikumbi wasitoke. Harufu ile ikanirudisha utotoni, kwetu kijijini Rwambuzi. Jirani yetu, fundi magari, alikuwa amekilowesha kichuguu chetu kwa mafuta machafu ya injini.

«Yote imekufa,» akasema.

«Uliwauliza?» mama akamjibu. Akatugawia vijiti na madebe. «Mupige, batoto, wasikie kama ni mvua!»

Tulipiga alasiri nzima. Wakatoka kweli, mabawa yakimeta juani, katikati ya karakana ya fundi! Mama akaingia na beseni bila hodi, akawazoa wa kukaanga. Niliamini wanamtii yeye. Leo najua walichimba njia nyingine, wakaikwepa sumu.

«Watakufa hawa,» mlinzi wa juzi akaniambia.

«Uliwauliza?»

Nikavua kiatu, nikaanza kupiga sima.