Hodi Iliyobaki Ndani ya Wimbo

Mwanangu Getruda ana studio ya kurekodi nyimbo hapa hapa Tabora, katika chumba alichokuwa akilala marehemu baba yake. Ukuta ni wa matofali ya udongo, mnene. Mabati ndiyo adui, kwa kelele za mvua. Juu ya dari kajaza magunia ya pumba za mpunga kutoka Igunga, ukutani kapigilia mablanketi. Mlango kautengeneza jirani yetu Mabruki, seremala, naye ndiye aliyemcheka kuliko wote: "Getruda, unafuga kuku humu au waimbaji?"

Siku ya Apolinaria hakuna aliyecheka. Yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo wa kwaya ya Wamoraviani kule Ntalikwa tangu tukiwa wasichana. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda kupasuliwa koo, na daktari alishamwambia sauti huenda isirudi. Ni leo au basi.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya tangu asubuhi. Mvua kubwa ikishuka, pumba hazifui dafu. Getruda alichungulia nje, akarudi kwenye mashine, akachungulia tena. Apolinaria alianza, koo likakwama. Akaanza upya, akakohoa.

"Pumzika kidogo, mama."

"Nitapumzika kesho, mwanangu. Washa."

Safari hii sauti ikatoka, ile ile niijuayo. Tukabana pumzi. Yuko ubeti wa mwisho, mlango ukasukumwa: "Hodi!"

Mabruki huyo, kaleta komeo. Getruda akashika kichwa. Apolinaria, macho kafumba, akakata wimbo: "Karibu, baba, pita!" Kisha akaudaka ubeti pale pale alipouacha, akaumaliza. Hapo hapo mvua ikapiga bati na umeme ukakatika.

"Imeingia?" nikauliza.

Bila umeme hakuna wa kujua. Apolinaria naye alikataa kuondoka. Tulikaa tunaitazama mashine iliyozimika kama watu wa msibani, Mabruki kajikunyata pembeni, mpaka umeme ukarudi jioni.

Ilikuwa imeingia. Hodi na karibu zimo.

"Hapo nitapafuta, mama," Getruda akasema.

"Thubutu! Mtu apige hodi nimnyamazie? Watasema nilikuwa na kiburi."

Apolinaria amerudi sasa, anaongea kwa kunong'ona. Juzi alikuja kututembelea. Mabruki akasimama nje ya mlango, anaogopa kufungua kinywa. Apolinaria akamwashiria Getruda, naye akabonyeza mashine.

"Karibu, baba, pita!"

Mabruki akavua kofia, akapita.