Taa ya Gari la Moshi na Keremkerem wa Bahi

Kabla sijajua kusoma wala kuandika, niliamini kwa moyo wote kwamba taa ya gari la moshi la Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa ikiwashwa kwa alfajiri yetu sisi Wagogo. Usicheke. Ungeiona taa ile jioni ikitokea upande wa machweo, jicho moja tu kama la fahali aliyekasirika, ikamulika mbuga ya Bahi mpaka vyura wakanyamaza, nawe ungeuliza: mwanga wote huu umetoka wapi?

Jibu alikuwa nalo mpishi wetu. Huyu alikuwa mtu wa mjini Dodoma, mjukuu wa wafanyabiashara wa misafara, mwenye kanzu safi na ulimi usiolala. Mimi na yeye tulikuwa tumeajiriwa na Mdachi mmoja aliyekuwa akipiga picha ndege. Yeye alipika, mimi nilibeba sanduku la picha.

"Wewe unadhani umebeba nini?" aliniuliza siku moja akichochea sufuria. "Sanduku hilo linakunywa mwanga. Tena si wa mchana, ule mkavu. Linakunywa ule wa kwanza, mlaini. Unaganda kwenye vioo, vioo vinapelekwa stesheni, vinasagwa, unga wake unatiwa kwenye taa."

"Mwongo wewe."

"Mwongo? Basi niambie kwa nini bwana wako anaamka gizani kila siku. Mtu mwenye akili anaamka gizani kutafuta kindege?"

Na kweli, tangu siku hiyo nilianza kuona asubuhi zikichelewa. Nilihesabu mawio kama mtu anayehesabu meno yake mdomoni, na kila moja nililiona limepungua. Nilijiona mwizi mkubwa kuliko wezi wote wa ng'ombe tangu ng'ombe waumbwe.

Ningeacha kazi, lakini sikuweza kuacha kwa sababu ya binti mmoja. Nyumba ya baba yake, tembe ndefu yenye paa la udongo, ilikuwa kando ya kinamasi, karibu na kambi yetu. Kila asubuhi nikipita na sanduku kichwani alikuwa zizini anakamua, amejifunga kaniki yake nyeusi, na aliponiona alicheka bila kuinua uso kutoka kwenye kibuyu. Mtu aliyechekwa namna ile haachi njia hiyo.

Baba yake naye hakuwa kiziwi. Uvumi wa mpishi ulimfikia. Nilipokwenda kumsalimu, nikachuchumaa mbali kidogo kwa heshima na kusema "Mbukwa, baba," aliitikia, kisha akachonga fimbo yake muda wa kutosha mbuzi kuzaa na mtoto wake akasimama.

"Kijana," alisema mwishowe, "nasikia wewe ndiye mbeba alfajiri."

"Nabeba sanduku tu, baba."

"Ng'ombe wangu wanatoka na mwanga wa kwanza. Mwanga ukiliwa, wanatoka lini? Sikukatazi kazi. Lakini siku nitakayoona kwa macho yangu kwamba sanduku lile linakula mwanga, binti yangu umsahau."

Nikarudi kambini. Ubaya ni kwamba mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba linakula.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wajukuu wanadhani kupiga picha ni kufumba na kufumbua. Sanduku lile lilikuwa zito la kuona kama mzee aliyeamshwa usingizini. Kwenye jua kali liliona upesi kidogo. Kwenye mwanga hafifu ilibidi lifunguliwe jicho na kuachwa likitazama, likitazama, na ole wake kitu chochote kinachotikisika. Ndege akigeuza shingo, kwenye kioo anakuwa moshi. Tawi likipepea, linakuwa mfagio. Tulikuwa na vioo vya moshi na mifagio vya kuezekea kanisa.

Na Mdachi huyu hakutaka ndege wa mchana. Wadachi wengine walitaka kodi zetu na mabega yetu. Huyu alitaka keremkerem. Ni ndege mdogo wa kijani, koo la manjano, mzito kama jani, anayekula nyuki akiwa angani. Mchana hatulii hata kidogo. Lakini wakati wa kipupwe, baridi ya nyanda zetu inapouma, keremkerem hulala wamebanana kwenye kijiti kimoja, bega kwa bega kama watoto chini ya ngozi moja, na alfajiri hawasogei mpaka jua liwapashe moto. Ule muda mfupi, mwanga upo na jua halijafika, ndio aliokuwa akiuwinda. Ndege wametulia, lakini mwanga haujatosha. Ukitosha, wameruka.

Tatizo letu lilikuwa upepo. Anayeijua Dodoma anajua upepo wake. Unaweza kumnyoa mtu ndevu. Asubuhi baada ya asubuhi keremkerem walitulia na kijiti kikacheza. Mwishowe vikabaki vioo viwili, na gari la moshi la kumrudisha Mdachi pwani lilikuwa linapita kesho yake. Jioni hiyo aliketi mbele ya hema bila kula. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba amevuka bahari kwa ajili ya ndege hawa, na anarudi na moshi.

Aliomba vitu viwili kwa mzee wa tembe. Ngozi kubwa ya ng'ombe ya kuzuia upepo, na chumba cha ndani cha nyumba yake, kile cha kuwekea nafaka, kwa kuwa tembe zetu hazina madirisha na kioo husafishwa gizani. Mzee alifikiri, akakubali, kisha akanigeukia mimi.

"Vizuri. Kitakachotoka humo nitakiona mimi wa kwanza."

Asubuhi yake baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maneno yaliganda mdomoni na kudondoka. Miguu mitatu ya sanduku tuliifukia mchangani. Mimi nilishika ngozi upande huu, mpishi upande ule, tukawa ukuta. Mzee alisimama nyuma yetu na fimbo yake, analinda mwanga wake.

"Nyanyua kidogo," mpishi alininong'oneza. "Upepo unapita kwapani mwako."

"Kwapa langu halina mlango."

"Lina lango zima la mji. Nyanyua!"

"Nyamazeni," mzee alisema.

Na hapo nikawaona vizuri kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilikuwa nikitazama sanduku, si ndege. Walikuwa safu moja kwenye tete kavu, wamejivimbisha kama vitonge vya pamba. Kijani chao kilikuwa bado hakijawa kijani. Kilikuwa kinajitengeneza polepole, kana kwamba kuna mtu anawapaka rangi mbele yetu. Umande ulikuwa umekaa juu ya migongo yao, tone tone. Upepo ukajaribu huku, ukajaribu kule, ukakutana na ngozi na kwapa langu lililofungwa, ukachoka. Tete likasimama.

Mdachi akafungua jicho la sanduku. "Msipumue," alisema.

Sikupumua. Nasema kweli, nadhani hata mapigo ya moyo niliyaahirisha. Kinamasi kizima kilitulia, na nilihisi kwamba sasa hivi ndipo alfajiri inaingia sandukuni, mbele ya macho yangu, na kwa namna ya ajabu sikuona uchungu. Nilisema moyoni: kama inaibiwa, basi angalau inaibiwa ikiwa nzuri. Ndege wa mwisho, wa pembeni, alifumba jicho moja. Hakufungua. Mdachi akafunika sanduku. Akabadili kioo, akafungua tena, na papo hapo jua likagusa tete. Ndege wakaruka wote pamoja kama kofi. Kioo cha pili kikawa moshi.

Kikabaki kile cha kwanza. Mdachi alijifungia chumbani mwa nafaka na dawa zake, sisi tukasubiri uani. Alipotoka alikuwa amekishika kioo kinachotiririka maji, uso wake unang'aa. Mzee akamsogelea, akakitazama kikiwa kimeinuliwa juani. Nami nikachungulia juu ya bega lake.

Mbingu ya kiooni ilikuwa nyeusi. Mahali palipokuwa na weupe wa asubuhi palikuwa na giza tupu, na keremkerem walikuwa wamepauka kama mifupa.

"Haya," mzee alisema taratibu. "Nimeona."

Mpishi aliangalia pembeni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mdachi alieleza kwamba hivi ndivyo kioo kinavyokuwa kwanza, weupe ukiwa weusi, mpaka picha ihamishiwe kwenye karatasi, lakini nani alikuwa anamsikiliza? Mzee alikuwa ameshageuka aende zizini.

Binti alikuwa amesimama karibu na kibuyu cha maziwa. "Maji yanamwagika," alisema, akainua upindo wa kaniki yake akaukinga chini ya kioo ili matone yasidondoke kwenye unga uliokuwa ukianikwa. Mdachi akakishusha, nguo nyeusi ikawa nyuma ya kioo, na mwanga ukakipiga kwa juu.

Nikapiga kelele. Mbingu ilikuwa imerudi! Ilikuwa nyeupe, ile ile ya asubuhi, na keremkerem wamekaa juu yake na manyoya yao yote, unyoya kwa unyoya, umande tone kwa tone. Mzee alirudi mbio na fimbo yake. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akabaki hivyo.

"Huyu wa pembeni," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "amefumba jicho."

Alitazama mpaka maji yakakauka. Kisha alijinyoosha, akaniangalia kana kwamba nimefika sasa hivi. "Ngozi yangu irudishe ndani, mkwe," alisema. "Isiachwe juani."

Mkwe! Niliibeba ngozi ile kama unyoya. Nikamkuta binti mlangoni, nikamwambia, nikihema, kwamba kaniki yake ina nguvu kuliko Wadachi wote, kwamba imewanyang'anya alfajiri na kuturudishia.

Alinitazama kama mtu anavyomtazama ndama aliyeingia nyumbani.

"Haikuchukuliwa na mtu," alisema. "Mimi nakamua kila siku na mwanga wa kwanza, na haujapungua. Ile taa ya gari la moshi inawashwa kwa mafuta. Nilimwona mtu akiyatia."