Nta ya Ipole Ndani ya Rili za Chibago

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, nyuki mmoja alitua juu ya rili niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na mimi, mtu mzima mwenye mvi na miwani ya kusomea, nikawaambia wageni kwa sauti ya kitaalamu, "Huyo anapita tu." Aibu zangu ni nyingi, lakini nikikumbuka maneno hayo matatu hata chakula hakipiti.

Mimi ni fundi wa vitu vidogo hapa Tabora: saa, cherehani, redio, na siku hizi rili, yaani kile kidude kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kuzungusha mshipi. Sikusomea popote, nilifungua ya kwanza, nikachora kila gia ilipokaa, nikairudisha, ikazunguka, basi nikajiita fundi. Kazi naifanyia barazani kwangu Cheyo, ambako vumbi huingia kwenye kila ninachofungua, kwa hiyo aliponijia Chibago, mhandisi mstaafu, na rili nne za mtumba kutoka Ujapani, niliziona kama chumba chenye mlango. Alitaka kufungua kambi ya wavuvi wa starehe kule mto Ugalla. Rili zikifanya kazi mbele ya mwenzake wa Dar mwenye mtaji, matengenezo yote ya kambi yangekuwa yangu, na Chibago angenipangia chumba cha kazi karibu na soko.

"Ila wewe ni Mnyamwezi," aliniambia (yeye ni Mgogo, na sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara), "mababu zako walipita kwetu na mizigo ya watu mabegani, wakatumalizia maji. Ukiniharibia hizi nahamia kwako mpaka kuku waishe."

"Kuku wenyewe tuliwachukua kwenu," nikamjibu, naye akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Kosa lilikuwa grisi. Rili zina grisi yake nyepesi, kikopo changu kilikuwa kimekwisha, kingine kingechukua wiki kufika kutoka Dar, na majaribio yalikuwa kesho kutwa. Mtu mwenye busara angeomba siku isogezwe. Mimi nikafikiri (na kufikiri ndiko kulikonimaliza): mshonaji hupitisha uzi kwenye nta, seremala hupaka nta msumeno, kwa nini gia isipende nta? Shemeji yangu anayefuga nyuki Ipole alikuwa ameniletea bonge zima, akanionya kwamba hajaichuja vizuri, bado ina asali. Nikaiyeyusha, nikaichanganya na mafuta ya cherehani, nikapaka rili zote nne, gia mpaka beringi. Katika ubaridi wa asubuhi zilizunguka kimya kabisa, nikamwita mke wangu aje asikilize.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo maana yake."

Akaenda kuwaambia majirani kwamba tunapata chumba sokoni.

Majaribio yalifanyika kwenye bwawa la nje ya mji, na kule fimbo zililazwa juu ya boneti ya gari, juani, wageni wakila mihogo na kunywa chai. Nta na jua, hesabu ambayo mtoto yeyote wa Ipole angeipiga, mimi sikuipiga. Ikalainika, ikachuruzika hadi kwenye breki inayouzuia mshipi usitoke ovyo, na ile harufu ya asali ikapanda, kiangazi, maua yote yamekauka, nyuki wana njaa. Yule wa kwanza hakuwa anapita. Alikwenda kuwaita wenzake.

Mgeni wa Dar, bwana mpole mwenye kofia pana, alitupa ndoana, kambare mkubwa akanasa, mshipi ukaanza kutoka wenyewe kama uzi unaovutwa na mbuzi.

"Fundi, haishiki."

"Kaza hicho kifungo cha mbele."

"Kifungo kina nyuki."

Hapo bado ningeweza kusema tuache. Badala yake nikampa Chibago fimbo aishike, nikasema dakika moja tu, nikafungua kifuniko ili nipanguse breki, na ile nta nikaipangusia shatini. Nilikuwa nimefungua mzinga. Mmoja akaniuma shingoni, nikampiga kofi, na nyuki ukimponda harufu yake huwaita wengine wakiwa na hasira. Chibago akaachia fimbo, kambare akaondoka nayo. Wanawake waliokuwa wakifua wakakimbia na mabeseni, mgeni akajitupa ndani ya gari na nyuki kwenye kofia, dereva akaondoka kwa kasi, fimbo tatu zilizobaki zikaanguka kutoka kwenye boneti, akazipitia na magurudumu. Mimi nilikuwa majini mpaka kidevuni, mkononi nimeshika kifuniko.

"Baba, toka, wameshaenda," mwanamke mmoja akaniita kutoka ng'ambo. "Au ndiyo unavua kwa mikono?"

Mgeni alirudi Dar, mdomo umevimba. Kambi haikufunguliwa. Nilimkuta Chibago kwake jicho moja limefumba, nikasimama nikisubiri matusi, maana mtani akikutukana umesamehewa. Nikamwanzia mwenyewe: "Mtani, kuku wako tayari, njoo uhamie."

"Asante, Bwana Fundi," akasema. "Pole kwa nyuki."

Bwana Fundi. Tumejuana miaka mingi, hajawahi kuniita hivyo. Juzi nilifiwa na shangazi, na msibani mtani ndiye hutuchekesha. Chibago alikuja, akatoa pole, akakaa kimya kwenye mkeka, akaondoka.

Barazani bado ninafungua rili, vumbi linaingia. Siku hizi grisi ikiisha namwambia mteja sina, asubiri au aende, na nta ya shemeji inabaki kwa washonaji. Fedha za zile rili nne nilimtumia Chibago kwa simu siku ileile ya nyuki, nikiomba azipokee na anitukane. Jioni fedha zilirudi zote, bila neno hata moja. Hizo ndizo nilizookoa: shilingi laki tatu na elfu ishirini.