Miwani ya mama na mafuta ya nazi

Jamani, leo baba kaninyamazisha kwa mafuta ya nazi.

Nilikuwa namcheka tena. Usiku, gari likija mbele yetu na taa kali, yeye huweka gari letu la Pijo kando na kungoja lipite. Tangu kushuka feri Kilifi, maana daraja bado linajengwa, hadi Malindi tunasimama sijui mara ngapi.

Basi adhuhuri, nyumbani, akafunga madirisha chumba kikawa giza. Akapaka mafuta miwani ya mama, akanivisha, akanimulika usoni kwa tochi.

“Mamako yuko mbele yako. Wamwona?”

Niliona weupe mtupu. Nikanyoosha mkono, nikagusa shavu la mama. Alikuwa hapo hapo, anacheka.

“Ndivyo nionavyo mimi usiku taa zikinipiga,” baba akasema. “Nasimama nisije nikamgonga mama wa mtu.”

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilimpa shikamoo ya pili leo, kisha nikamwomba ufunguo wa Pijo: usiku nitaendesha mimi.