Kola Iliyosimama

Mtaa mzima ulimwita Mstari, kwa sababu suruali aliyoinyoosha yeye ilikuwa na mstari ambao, kwa maneno yake, nzi akitua anajikata mguu. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na mmoja. Moshi wa pasi ya mkaa ulikwisha kumuua pua, hata harufu za dunia zilimpita kama hazimhusu.

Kilichomtesa ni usingizi. Tangu azikwe mdogo wake alikuwa akikesha, na dobi anayesinzia si dobi tena, ni mchoma nguo. Alikwisha kuunguza koti la mwalimu mkuu na shela ya bibi harusi. Akiunguza ya tatu, alijua, wateja watahama. Ndipo mkewe alipomletea mzizi wa usingizi kutoka kwa Bibi Mizizi, muuza mitishamba wa sokoni: unga wa kahawia, mchungu ajabu, kikombe kimoja baada ya kazi.

Mstari akalala. Alilala mwaka wa kwanza, akaingia wa pili, na hakuunguza hata leso. Kila asubuhi alimwambia mkewe, "Ahsante mama watoto, umenirudishia uhai." Mteja aliyepiga miayo mbele yake alielekezwa kwa Bibi Mizizi kabla hajauliza bei ya shati.

Alasiri moja alikuwa akinywa dawa yake pale kibandani, kikombe kikamponyoka, kikamlowesha kola. Alivua shati, akaipiga pasi kola ikauke. Ikasimama wima. Mtu mwingine angevaa akaenda zake, lakini huyu alikuwa amepaka kola za watu wanga wa muhogo tangu ujana. Aliikwaruza kwa ukucha, akaonja ncha ya kidole. Muhogo.

Alimkuta mkewe uani anachambua mchele.

"Mama watoto, dawa yangu ina muhogo?"

Mkono wa mkewe ukasimama juu ya ungo. "Nani kakwambia?"

Hakusema hapana. Alisema nani kakwambia, na hapo ndipo Mstari alipoumia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kuinywa. Mzizi uliadimika. Nikakaanga unga wa muhogo, nikatia shubiri uwe mchungu. Ukalala vilevile."

"Na Bibi Mizizi anajua?"

"Yeye ndiye aliyenipimia shubiri."

"Na mzizi ulipopatikana?"

Mkewe aliokota chuya moja, akaitupa. "Nikawa naunywa mimi. Mimi pia silali, baba watoto. Wewe ulilala kwa muhogo, ukakoroma, mimi nikihesabu mabati. Ningekwambia, ungeacha kulala."

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa madobi, lakini walijua walisemalo. Mstari aliona aibu kwanza, kisha hasira, kisha akakumbuka zile ahsante zake zote za asubuhi, na jinsi mkewe alivyozipokea bila kupepesa jicho. Hizo ndizo zilizomchoma. Kwamba naye mkewe hakuwa akilala, na kwamba yeye Mstari hakuwahi kumuuliza, hilo alilisikia pia, ila siku hiyo hakuwa na nafasi nalo.

Hakulala usiku ule wala uliofuata. Siku ya tatu aliliunguza shati la karani mgongoni, alama ya pasi nzima, na karani akaondoka na mzigo wake wote wa nguo.

Jioni hiyo mkewe alikuja kibandani na kikombe, amekibeba kwa mikono miwili. "Huu ni mzizi wenyewe. Wangu. Nimekuachia."

Mstari alichovya leso safi kikombeni, akaikamua, akaipiga pasi mbele ya macho ya mkewe. Leso ililegea kama leso yoyote. Mkewe alisimama tu akingoja hukumu ya kitambaa.

Mstari akanywa mpaka tone la mwisho. Ulikuwa mzizi wa kweli, na alikesha macho makavu hadi asubuhi.

Kesho yake mkewe alipoleta kikombe kingine, alikuta leso imekwisha kutandikwa mezani na pasi ina moto.