Kupima Mafuta Injini Ikiwaka

Nilikuwa shofere wa mzungu mnunuzi wa pamba, hapa Kasongo. Gari lake lilijibadilishia vitesi, yaani gia, lenyewe, na mafuta ya vitesi yalipimwa injini ikiwaka. Tangu nimzike mke wangu, Mama Zaina, niliyapima kila asubuhi, tena kwa muda mrefu, kwa sababu katika kelele ile niliweza kuzungumza naye bila mtu kusikia.

Bwana akadhani gari linavuja, akaita fundi. Walikuja nyuma yangu nikiwa nimeinamia kijiti cha kupimia, sikuwasikia. Fundi akazima injini.

“…na jana, Mama Zaina, nimeunguza mboga ya sombe tena. Nimeila peke yangu.”

Wabebaji wa pamba waliokuwa wakipakia karibu wote wakageuka.

“Shofere,” fundi akauliza polepole, “uko unasema na nani?”

Nikakitazama kijiti.

“Mafuta iko,” nikajibu.